Mbu wa Kihungaria hang'ati

Kwa Kiswahili mbwa huuma, nyoka huuma, mbu huuma, siafu huuma, kiatu kipya huuma na jino huuma. Kitenzi kimoja kimebebeshwa yote. Mtu wa Kampala au Jinja anayeanza Kihungaria, labda kwa ajili ya masomo Budapest au Debrecen, hufungua kamusi, akakuta "harap", akalibandika kila mahali. Kamusi ya Kiingereza haimwokoi, maana Kiingereza nacho kina "bite" ya mbwa na "bite" ya mbu. Kijerumani humfikisha nusu ya njia. Inayobaki lazima aitembee mwenyewe, na makala hii ni ya kumsindikiza.

Kwanza matamshi, kwa sababu maandishi ya Kihungaria yanadanganya jicho la Mswahili. "S" peke yake husomwa "sh", na "sz" ndiyo "s" yetu. "Cs" ni "ch" ya chai. "C" peke yake ni "ts". "Ny" ni ileile ya nyama, haina shida. "J" ni "y". Alama iliyo juu ya irabu haionyeshi mkazo, inaonyesha urefu: "rág" husomwa "raag", "csíp" husomwa "chiip". "A" isiyo na alama huelekea "o", kwa hiyo "harap" husikika karibu na "horop". Mkazo hukaa silabi ya kwanza daima, na hapo ndipo ulimi wetu, uliozoea silabi ya pili kutoka mwisho, hujisahau.

Sasa vitenzi vyenyewe. Kihungaria huangalia mdomo wa anayeuma kabla ya kuchagua neno.

"Harap" ni ya mwenye taya mbili zinazokutana: mbwa, farasi, nyani, mtoto anayeota meno. Kijerumani ni "beißen", Kiingereza "bite". Kibao cha getini Hungaria husema "Vigyázat! A kutya harap!", tahadhari, mbwa anauma. Mjerumani huandika "Vorsicht, bissiger Hund!". Sisi huandika "Mbwa mkali". Ukali huo wa kuuma Wahungaria wana kivumishi chake, "harapós", nao humpa hata mtu anayefokea kila amkaribiaye asubuhi, kama Wajerumani wanavyosema "bissig".

"Mar" ni ya nyoka. "Megmart egy kígyó" ni nyoka ameniuma. Jeraha lake ni "kígyómarás". Hutumika pia kwa mbwa au mbwamwitu anayeshambulia kwa kurarua, lakini kwa nyoka ndiko nyumbani kwake.

"Csíp" maana yake ya msingi ni kufinya kwa vidole viwili. Mbu, kiroboto, kupe, chungu, mbung'o, wote hao "csíp". Alama ya mbu mkononi ni "szúnyogcsípés", ya kupe ni "kullancscsípés". Nyuki na nyigu nao wamo, ingawa kwao husikika pia "szúr", kudunga.

Linganisha lugha tatu uone kila moja inapokata. Kiingereza huwatenga nyuki na nyigu kwa "sting" na kuwaweka mbwa, nyoka na mbu chungu kimoja. Kijerumani huwatoa wadudu: mbu "sticht", hudunga, na alama yake ni "Mückenstich", lakini mbwa na nyoka hubaki pamoja kwenye "beißen", ndiyo maana kuna "Schlangenbiss". Kupe huyumbayumba, wengi husema "Zeckenbiss", kana kwamba ana meno. Kihungaria ndicho kinachowagawa wote watatu: mbwa "harap", nyoka "mar", mbu "csíp".

Anayejua Luganda ana nafuu hapa, na inasikitisha kuona wanafunzi wakiisahau lugha ya nyumbani wanapofungua kitabu cha kigeni. Luganda ina "okuluma" ya mbwa na ina "okubojja" ya nyoka, ileile ya kuku anayedona. Kichwani mwake tayari kuna mstari unaomtenga nyoka na mbwa. Kiswahili nacho kina mstari huo, ila umefifia: wako wanaosema nyoka amemgonga mtu, badala ya amemuuma. Ukikumbuka kugonga, utakumbuka "mar".

Faida yake si ya darasani tu. Ukimwambia daktari wa Hungaria "megharapott", nimeumwa, ukiwa na maana ya mbu, swali lake la kwanza litakuwa mnyama gani, maana kung'atwa kwa meno kunamfanya afikirie kichaa cha mbwa, "veszettség". Sema "megcsípett egy szúnyog", mbu ameniuma, na mazungumzo yatakwenda kwenye homa na malaria, unakotaka yaende. Mtu wa Uganda aliyetua Ulaya majuma mawili yaliyopita na mwili unamchemka ana sababu ya kulitamka neno hilo sawasawa.

Na kichwa? Kichwa cha Mswahili kinauma, cha Mganda pia, "omutwe gunnuma". Cha Mhungaria hakiumi kwa neno lolote kati ya haya matatu. Maumivu yana kitenzi chake, "fáj": "fáj a fejem". Kijerumani "mir tut der Kopf weh". Ukisema "harap a fejem" umesema kichwa chako kinang'ata watu. Njaa ndiyo inayorudi kwetu kidogo: njaa inauma, "enjala ennuma", na Mhungaria ana "mardosó éhség", njaa inayoguguna, Mjerumani "nagender Hunger".

"Csíp" haikai kwa wadudu tu. Pilipili nayo "csíp", pale Mswahili anaposema inawasha na Mjerumani anasema ni "scharf", kali kama kisu. Kwenye pakiti ya unga wa paprika tafuta neno "csípős" kama unataka ya kuwasha. Ikiandikwa "édes" au "csemege" ni tamu, haiwashi. Mwenye kununua kwa kutazama rangi atapata nyekundu isiyo na moto, kisha atailaumu nchi nzima. Sokoni au mezani swali ni neno moja tu, "Csíp?". Baridi pia "csíp", baridi ile ya alfajiri ya Kabale inayokamata masikio.

"Mar" nayo imesafiri. Asidi "mar", hula chuma, Kijerumani "ätzen". Moshi wa kuni "mar" macho. Katika karakana ya vyuma "marógép" ni mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, kwa hiyo fundi akisema anafanya kazi ya "marás" usimtafutie dawa ya nyoka. Mbwa wawili juu ya mfupa mmoja "marakodnak", wanang'atana, na kitenzi hichohicho hutumika kwa ndugu wanaogombania kiwanja. Kiambishi kinafanya kazi ya "-ana" yetu. Kisha kuna dhamiri. Kwetu dhamiri humsuta mtu. Kwa Mjerumani humng'ata, "Gewissensbisse". Kiingereza kina "remorse", na ndani yake kumejificha "mordere" ya Kilatini, kung'ata. Mhungaria ana mawili: "mardos", dhamiri inamtafunatafuna, au "lelkiismeret-furdalás", dhamiri inamtoboa kwa keekee, kidogokidogo, usiku kucha. Hilo la pili ndilo utakalolisikia zaidi.

Tuje kwenye viambishi vya mbele. Kihungaria, kama Kijerumani, hutia kipande kidogo mbele ya kitenzi na maana inageuka. Mfano mzuri ni muwa, kitu ambacho kila mtu aliyepita Lugazi au Kakira anajua kukila, na ambacho Mhungaria lazima aelezwe hatua kwa hatua:

"Leharapok egy darabot, megrágom, kiszívom a levét, a rostját kiköpöm."

Nang'ata kipande, nakitafuna, nafyonza maji yake, makapi nayatema. "Le" ni chini au kutoka, kwa hiyo "leharap" ni kung'ata ukatoa. "Meg" inakamilisha tendo. "Ki" ni nje. Kijerumani: "Ich beiße ein Stück ab, kaue es, sauge den Saft aus und spucke die Fasern aus", ona "ab" na "aus" zilivyokimbilia mwisho. Kiingereza: "I bite off a piece, chew it, suck out the juice and spit out the fibre".

Sasa tazama mwisho wa vitenzi vya Kihungaria katika sentensi ile. Cha kwanza kimeishia "-ok", "leharapok", lakini vyote vilivyofuata vimeishia "-om" au "-öm". Sababu yake Mswahili anaijua bila kufundishwa. "Natafuna nyama" na "naitafuna nyama" si kitu kimoja: ile "-i-" inasema nyama inajulikana, ni ile pale. Mhungaria hana "-i-" katikati, anaiweka mkiani. "Húst rágok", natafuna nyama. "Rágom a húst", naitafuna ile nyama. Kipande cha muwa kilipotajwa mara ya kwanza hakikujulikana, ndiyo "-ok". Kilipokwisha kujulikana ikawa "-om". Kuchagua kati ya "-om", "-em" na "-öm" ni suala la irabu kufuatana: "rágom", "eszem", "köpöm". Walimu wanaotumia Kiingereza humaliza wiki nzima kueleza jambo hili. Kwa Mswahili ni dakika tano.

Viambishi vingine vya kufaa: "beleharap" ni kung'ata ndani ya kitu, "beleharapok az almába", nalitia tofaa meno. "Átharap" ni kung'ata hadi upande wa pili. "Elharap" ni kukata kwa meno, na "elharapja a szót" ni kumeza mwisho wa neno, kusema nusu. "Ráharap" ni kuuma kilichotegwa, samaki au mtu, Kijerumani "anbeißen". Lakini mvuvi wa Hungaria anapoona uzi ukitikisika hasemi "harapás", husema "kapás", kutoka "kap", kudaka. Mjerumani kwake ni "Biss", Mwingereza "bite", na mvuvi wa Jinja husema samaki amekula chambo.

Onyo moja: ukikanusha, kipande cha mbele hutoka mahali pake. "Megharapott a kutya", mbwa ameniuma. "Nem harapott meg", hakuniuma. Ukisema "nem megharapott" utaeleweka, ila kila mtu atajua umejifunza kwenye karatasi.

Kuhusu kuguguna na kutafunatafuna, hapa ndipo utamu. Mswahili akitaka kuonyesha tendo dogo linalorudiwa hurudia shina: kulakula, ng'atang'ata, tafunatafuna. Mhungaria hupachika mkia. "Harap" huwa "harapdál", kung'atang'ata, kama mtu mwenye wasiwasi anavyofanya kwa mdomo wake, "harapdálja az ajkát". "Rág", kutafuna au kuguguna, huwa "rágcsál". "Eszik", kula, huwa "eszeget", kulakula. "Csíp" huwa "csipeget", kudonadona, ya kuku na ya mgeni anayechezea chakula kwa uma kwa sababu hakipendi. "Mar" huwa "mardos", tuliyoiona. Hivyo ukiona "-dál", "-dos", "-csál", "-get" au "-gat" mwishoni, jaribu kurudia shina la Kiswahili mara mbili, na mara nyingi utakuwa umepata tafsiri. Kiingereza kina mabaki ya kitu hicho katika "-le" ya "nibble" na "crackle", na Kijerumani katika "-ern" ya "knabbern", lakini kwao kiwanda kimefungwa. Hawawezi kutengeneza vipya wapendavyo. Kwa Kihungaria kiwanda kinafanya kazi, na kwa Kiswahili pia.

"Rág" yenyewe inastahili kukaa nayo. Ni "chew" na "gnaw" za Kiingereza kwa pamoja, "kauen" na "nagen" za Kijerumani kwa pamoja. Ubani wa kutafuna ni "rágógumi", Kijerumani "Kaugummi". Kucha: Mwingereza huzing'ata, "bites his nails", lakini Mhungaria na Mjerumani huzitafuna, "rágja a körmét", "er kaut an den Nägeln". Panya aliyetoboa gunia la mahindi, "az egér kirágta a zsákot". Hapo angalia: "egér" ni panya mdogo, yule mkubwa wa stoo ni "patkány". Wagugunaji wote kwa jumla ni "rágcsálók", Kijerumani "Nagetiere". Na vitafunio ni "rágcsálnivaló", Kijerumani "Knabberzeug". Lichane neno: "rágcsál-ni-való", kinachofaa kutafunwatafunwa. Vitafunio vyetu vimejengwa kwa wazo lilelile, kitenzi kikageuzwa kuwa kitu. Kitu cha kung'ata haraka ni "harapnivaló".

Mfupa wa muchomo unavyosafishwa kwa meno ni "lerág", Kijerumani "abnagen". Kutoka hapo Mhungaria ana "lerágott csont", mfupa uliokwisha gugunwa, jambo lililosemwa hadi halina nyama tena. Na anayeelezewa kila kitu hadi mwisho, yule tunayemwambia anataka kutafuniwa, kwake ni "szájába rág", kumtafunia mtu mdomoni, Kijerumani "vorkauen". Lugha tatu, picha moja ya mama na mtoto. Kiingereza peke yake kimechukua kijiko, "spoon-feed".

Namna za kutafuna ziko nyingi. Nitataja zile ambazo zina pacha kwa Kiswahili. "Ropogtat" ni kutafuna kitu kinacholia, kama senene waliokaangwa wa Masaka mwezi wa Novemba. "Ropog" ni kulia kwa mlio huo, "-tat" ni kusababisha, kama "-sha" yetu: unakiliza chakula. Kiingereza "crunch", na kwa Luganda "okumeketa" ipo jirani. "Majszol" ni kula polepole kwa raha, mtoto na andazi lake ukutani. "Nyammog" ni kutafuna bila hamu, karibu na kumung'unya. Babu asiye na meno, au kijana aliyelazimishwa kula posho, yaani ugali, iliyopoa. "Csámcsog" ni kutafuna kwa kelele za midomo, Kijerumani "schmatzen", na mezani Hungaria ni utovu wa adabu. "Kérődzik" ni kucheua, ng'ombe na mbuzi, Kijerumani "wiederkäuen". "Nassol" ni kulakula vitamu, neno walilochukua kwa Wajerumani, "naschen".

Kuna neno la kuangalia. "Bekap" ni kubugia, kutia kitu mdomoni haraka. "Bekapok valamit", nitabugia kitu, ni salama kabisa. Lakini kwa amri, "kapd be", ni tusi zito. Usimhimize mwenzako ale kwa neno hilo. Mwambie "egyél", kula, au "vegyél", chukua.

Misemo miwili ya kung'ata utakutana nayo haraka. Kufa ni "fűbe harap", kung'ata majani, sawasawa na Kijerumani "ins Gras beißen". Mwingereza hung'ata vumbi, "bite the dust". Huo ni wa mitaani kama kukata kamba, usiutumie msibani. Na "amelyik kutya ugat, az nem harap", mbwa abwekaye haumi, Kijerumani "Hunde, die bellen, beißen nicht". Ona kwamba hapo kitenzi ni "harap", hakiwezi kuwa kingine.

Nusu ya historia ya vipande vidogo imo pia humu. "Bit" ya Kiingereza na "bisschen" ya Kijerumani ni kilichong'atwa, kipande cha jino moja, na "Imbiss", kibanda cha chakula cha haraka, kimetoka shina hilohilo. Mhungaria kwa tonge ana "falat", na kibanda chake huweza kuitwa "falatozó".

Kando kidogo: Kihungaria si kigeni kabisa nchini Uganda. Florence Baker, mzaliwa wa Transilvania, alipita Bunyoro na msafiri Mwingereza Samuel Baker, aliyekuja kuwa mumewe, wakafika Ziwa Albert mwezi wa Machi 1864, wote wawili wakiwa wamechakazwa na homa. Mbu walikuwapo.

Mwisho, saa. Kitafunio cha asubuhi ni "tízórai", kutoka "tíz óra", saa kumi. Mswahili akikihesabu kwa saa zake atakwenda kukitafuta alasiri, na atakuta watu wanakula "uzsonna". Saa kumi yao ni saa nne yetu, wakati ule wa chai ya mapumziko shuleni. Na ukimwona mwenzako ameshika kitu kinachonukia kama roleksi ya moto ya Wandegeya, chapati iliyoviringishwa na mayai, sentensi unayoihitaji ni hii: "Haraphatok egyet?", naweza kung'ata mara moja? Mjerumani husema "Darf ich mal abbeißen?". Sisi husema nimegee, tukinyoosha mkono, lakini Mhungaria huenda akakuletea kitu chenyewe mdomoni, uking'ate kikiwa mkononi mwake.